Siku Ayeeyo Alipoipaka Injini Samli

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, nitawasaidia kwa ufupi.

Mimi ni Awil, mtoto wa Garissa, kidato cha pili. Nimefukuzwa shule ya bweni kule karibu na Thika, nchi ambayo wazee wetu bado wanaiita Kenya, kana kwamba sisi tunaishi mwezini. Kosa langu: niliung'oa ulimi wa kengele ya shule nikauzamisha ndani ya sufuria la uji. Shule nzima ililala hadi jua likawa kali. Mwalimu mkuu aliamshwa na kuku.

Akaniambia, "Jumatatu urudi na mkubwa wako. Mtasimama wote wawili mbele ya shule nzima, ueleze ulichofanya. Usipofika, nafasi yako ina mwenyewe. Wako langoni wanaingoja."

Abti Diriye, kaka yake mama yangu, nilimwambia ukweli, maana yeye ndiye angesimama nami. Alinipiga kofi. Halafu akacheka. Halafu akanipiga kofi jingine kwa kumchekesha.

Lakini Ayeeyo Arbia, bibi yangu, angekufa kwa aibu. Kwa hiyo nilimwambia nimepewa likizo ya heshima kwa kuwashinda wenzangu akili. Akachinja mbuzi. Nilimla mbuzi yule kwa uso wa unyenyekevu.

Kama nafasi ile ingepotea, njia yangu ilikuwa moja: kwenda kuchunga ngamia wa Adeer Sugow, ndugu yake baba yangu, mtu anayewaita ngamia wake kwa majina na wajukuu wake kwa mluzi.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee na balaa.

Siku hizo za vita vya shifta, waasi wa porini, hakuna gari lililotoka Garissa kwenda chini, upande wa Thika, peke yake. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi cha polisi, kando ya daraja la Tana, yakaondoka pamoja na askari mbele na askari nyuma. Msafara wangu ulikuwa wa Jumamosi asubuhi. Aliyeukosa alingoja mwingine, na mwingine haukujulikana ungekuja lini.

Na Guduudo, lori jekundu la Abti Diriye, lilikuwa limekaa uani kwa Ayeeyo, boneti wazi, kichwa cha injini kimeng'olewa na kulazwa juu ya gunia.

Gasketi ilikuwa imeungua. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili, na oili ikawa rangi ya chai ya maziwa.

"Ijumaa jioni litanguruma," alisema fundi Kang'ethe. "Kama kijana huyu atasafisha ninavyotaka mimi."

Fundi Kang'ethe alikuwa mtu wa Murang'a, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, na hakuwahi kufungua boneti bila kutoa mahubiri.

"Awil, njoo hapa. Unaona uso huu wa bloku, mwili wa injini? Unaona na huu wa kichwa? Hapa katikati ndipo gasketi inapolala. Na hapa ndipo magari huokoka au hupotea."

"Amina, fundi."

"Usinijibu amina. Tazama. Haya magamba meusi ni gasketi ya zamani. Ukiacha gamba moja dogo, ukiacha punje moja ya mchanga, gasketi mpya haitalala sawa. Isipolala sawa, maji yanapita. Maji yakipita, mnasimama porini. Mkisimama porini..."

"Tunaimba?"

"Mnaimba, ndiyo. Wimbo wa mwisho."

Akanipa kibao cha mti mgumu, kilichochongwa mdomo kama patasi, ili nisikwaruze chuma. Akanipa petroli kidogo kwenye kopo. Halafu akachukua matambara, akayakunja, akaziba kila tundu, moja baada ya jingine.

"Matundu haya ni njia za maji na oili. Kwanza unaziba, halafu unaparua. Usipoziba, uchafu unaingia ndani na huutoi tena. Sema."

"Kwanza unaziba, halafu unaparua."

"Shuleni wanawafundisha haya?"

"Tunafundishwa mito ya Uingereza, fundi."

"Hiyo itakusaidia ukikwama Uingereza."

Nikaparua. Ndugu wasomaji, nimewahi kufanya adhabu nyingi na ninazijua kwa ladha. Kufyeka nyasi ni tamu. Kuosha vyoo ni chungu. Lakini kuparua magamba ya gasketi kwenye jua la Garissa ni adhabu ambayo hata mwalimu mkuu wetu hakuwahi kuiota.

Kabla ya adhana ya Ijumaa, nyuso zote mbili ziling'aa. Fundi akatoa leso yake nyeupe, ile ya kwaya, akaipitisha juu ya chuma taratibu kama mtu anayempangusa mtoto mchanga. Ikatoka nyeupe.

"Haleluya," akasema. "Hii sasa ni safi kuliko chombo cha maziwa cha bibi yako."

Akachukua gasketi mpya kwapani, kwa kuwa hakuniamini nayo, akaenda kula na kuimba. "Nikirudi tunafunga. Mtu asiguse. Hata nzi."

Hapo mtu mwema angeenda msikitini moja kwa moja.

Mimi nilipitia jikoni.

Ayeeyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Nyuma yake zilining'inia haan zake, vile vyombo vya maziwa vya kusuka, alivyovisuka mwenyewe akiwa msichana. Hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyethubutu kusema neno juu ya usafi wa haan za Ayeeyo Arbia.

"Ayeeyo," nikasema kwa huzuni kubwa, "kuna jambo nimelisikia, lakini sipendi umbeya."

"Sema."

"Yule fundi anasema chuma chake ni safi kuliko haan yako."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele.

"Nani?"

"Kang'ethe. Anasema hata chai angekunywa humo."

Hilo la chai niliongeza mwenyewe, kama mtu anavyoongeza chumvi.

Ayeeyo alitazama nje, kwenye gunia lililobeba kichwa cha Guduudo. Nami nikaenda kuswali, moyo wangu mwepesi kama wa mtu asiye na dhambi.

Niliporudi, niliisikia harufu kuanzia kwenye kona ya duka la nguo. Moshi mtamu. Samli. Nikajiambia, leo kuna nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa vipande vidogo, inayohifadhiwa kwenye samli kwa safari. Nikakimbia.

Hakukuwa na nyirinyiri.

Kulikuwa na Ayeeyo, amechuchumaa kando ya kichwa cha injini, koleo la moto mkononi. Kijiti cha mti wa harufu kilikuwa kinafuka ndani ya tundu la maji. Matundu mengine alikuwa amekwisha kuyamaliza. Matambara ya fundi yalikuwa yamefuliwa na kuanikwa kwenye kamba.

"Ayeeyo! Unafanya nini?"

"Ninafanya ambacho mama yake fundi wako hakumfundisha." Hakuinua hata macho. "Mtu anaosha chombo, anakiacha uchi? Hakifukizi? Hakipaki? Ndiyo maana maziwa yao yanachacha."

"Ayeeyo, hiki si chombo cha maziwa!"

"Kinawekwa nini ndani?"

"Maji. Na oili."

"Maji hayachachi? Mafuta hayaozi?"

Mimi ndiye niliyeshinda mashindano ya mdahalo shuleni kwa hoja kwamba mbuzi ana faida kuliko posta. Kwa Ayeeyo sikupata hata hoja moja.

Kichwa chote kilikuwa kimepakwa samli. Nyuso, matundu, pembe zote. Kiling'aa kama bwana harusi.

"Na kile kingine?" niliuliza kwa sauti ndogo, nikionyesha lori.

"Hicho nilianza nacho."

Nikapanda kwenye bampa. Bloku ilikuwa imejaa samli hadi kwenye njia za maji. Juu ya pistoni moja paliwekwa kipande cha ubani.

Ayeeyo akasimama, akajinyoosha mgongo. "Sasa mwambie huyo anayekunywa chai kwenye chuma aje anuse."

Akaingia ndani kulala, ameridhika.

Fundi angerudi wakati wowote. Angeona samli, angeuliza nani, Ayeeyo angesema kwa nini, na uzi ungefunguka hadi kwangu. Angekasirika, angeondoka na gasketi yake kwapani. Hakuna gasketi, hakuna Guduudo. Hakuna Guduudo, hakuna Jumatatu. Nilimwona Adeer Sugow kwa macho yangu, amekunja midomo kupiga mluzi.

Petroli ilikuwa imebaki tone. Nikaimwaga. Samli ikaicheka.

Ndipo elimu ikanijia. Mwalimu wetu wa sayansi aliwahi kusema kwamba majivu hushinda mafuta. Nafikiri alieleza pia nini hutokea vikipikwa pamoja, lakini dakika ile nilikuwa chini ya dawati, namfunga mwenzangu kamba za viatu kwenye mguu wa kiti chake.

Nikachota majivu ya jikoni, karai zima. Nikamimina. Nikasugua kwa gunia, kwa shuka, kwa kanzu yangu ya Ijumaa. Nikasugua kama mtu anayefuta jina lake ukutani. Na kweli, samli ikaondoka. Nyuso zikarudi kavu, nyeupe, zikiparuza kidole. Nikayarudisha hata matambara kwenye matundu, safi na makavu.

Kumbuka nilivyosema: nikayarudisha. Yaani mwishoni.

Fundi Kang'ethe akafika pamoja na Abti Diriye, wanacheka njiani. Fundi akasimama. Akavuta pua.

"Kuna nini hapa? Harufu ya sherehe."

"Bibi amefukiza vyombo," nikasema. Hilo, ndugu wasomaji, lilikuwa kweli tupu.

Akatoa leso. Akaipitisha kwenye bloku. Nyeupe. Akaipitisha kwenye kichwa. Nyeupe. Akanishika bega.

"Diriye, mpwa wako huyu atakuwa fundi."

"Au mfungwa," akasema Abti.

Wakatoa matambara bila kuchungulia ndani, wakalaza gasketi, wakaweka kichwa, wakakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Kabla ya saa ya kafyu, Guduudo likawashwa kidogo tu kulisikiliza. Likanguruma kama ng'ombe aliyeshiba.

Nililala usingizi wa mashujaa.

Jumamosi, kwenye kizuizi, magari yalipangwa mstari. Inspekta Munyao, mtu mrefu wa Machakos mwenye masharubu yaliyochanwa, alikuwa na desturi moja. Kila gari liliwashwa na kuachwa lingurume mpaka lipate moto sawasawa, naye akalizunguka akisikiliza. Gari linalokohoa liliachwa. Kwa maana likizimika njiani, wote wanasimama, na kule porini kulikuwa na watu wanaopenda sana msafara uliosimama.

Mbele yetu palikuwa na lori la ngozi la Mzee Abdow. Likapita. Ikawa zamu ya Guduudo.

Abti akawasha. Guduudo likanguruma. Munyao akazunguka mara moja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fundi Kang'ethe, aliyekuja kujionea matunda ya kazi yake, akanikonyeza.

Halafu injini ikapata moto.

Harufu ilianza polepole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha ikaingia yote. Samli ya kukaangwa. Moshi mtamu. Ubani. Madereva wakageuza shingo. Askari mmoja akalamba midomo. Mbwa wa kizuizi, ambaye hakuwahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote, akasimama.

"Nani anapika?" akauliza Munyao.

Akatazama madereva mmoja mmoja.

"Nauliza nani anapika hapa? Nasikia nyirinyiri." Akalikaribia lori, pua mbele. Uso wake ukabadilika. "Inatoka humu. Diriye, umebeba chakula cha safari. Hukukitaja. Unampelekea nani?"

Abti Diriye akawa kama jiwe. Mwaka ule, mtu akikuuliza chakula unampelekea nani, hakuwa anafanya mzaha: alimaanisha shifta.

"Inspekta, wallahi sina chakula."

"Teremsheni kila kitu!"

Askari wakapanda. Wakateremsha magunia, wakateremsha godoro, wakateremsha sanduku langu la shule. Mmoja akalifungua, akainamia soksi zangu, akarudi nyuma akikohoa.

"Hakuna chakula humu, afande. Hapa kuna kitu kimekufa tu."

"Na harufu?"

"Ile nzuri inatoka kwenye injini."

"Kwenye injini!" Munyao akacheka bila furaha. "Wameficha nyama kwenye injini. Fungua boneti!"

Boneti ikafunguliwa, na wakati huohuo kifuniko cha rejeta kikaanza kutetemeka. Kikaruka. Likatoka povu. Jeupe, jepesi, jingi. Likajaa juu ya injini, likamwagika kwenye bampa, likatiririka hadi kwenye viatu vya inspekta. Guduudo lilitoa povu kama ngamia dume aliyeona majike ya jirani.

Ndipo nilipokumbuka sehemu ya pili ya somo la sayansi. Samli na majivu na maji, vikichemka pamoja, huwa sabuni.

Fundi Kang'ethe alitazama povu. Akanusa. Akanigeukia polepole sana.

"Awil. Matundu."

"Fundi..."

"Kwanza unafanya nini, halafu unafanya nini?"

"Kwanza unaziba, halafu unaparua."

"Na wewe?"

"Nilitanguliza kuparua."

Akashika kichwa chake kwa mikono miwili, kile cha shingoni.

"Nani amekaanga injini yangu?" akalia. "Nani?"

"Mimi!"

Watu wakapisha. Ayeeyo Arbia alikuwa amekuja kuniaga, chombo cha samli ubavuni. Alikuwa amesikia swali, na hakuwa mtu wa kuficha kazi yake nzuri.

"Mimi napaka," akamwambia Munyao kwa Kiswahili chake. "Fundi hii anasema chuma yake nashinda haan yangu. Mimi nafukiza, mimi napaka samli, kila mahali, bole bole. Sasa wewe inspekta nusa. Nani nashinda?"

Munyao akamtazama. Akatazama viatu vyake. Akachota povu kwa kidole, akanusa, akalionja kwa ncha ya ulimi.

"Mama," akasema hatimaye, "samli yako ni nzuri sana."

"Nasema mimi!"

"Lakini gari hili limekuwa dobi. Linabaki."

Magari yalikuwa yanawashwa moja moja. Jumatatu ilikuwa inaondoka bila mimi.

"Afande!" nikasema, na safari hii sikuigiza. "Nisipofika Jumatatu ninapoteza shule. Kweli kabisa. Wako watu langoni."

Inspekta alinitazama. Nadhani alikuwa na mtoto wa umri wangu, maskini.

"Abdow!" akaita. "Una nafasi juu ya ngozi? Mbebe huyu mwanafunzi. Lakini siruhusu kijana kuvuka daraja bila mkubwa wake. Diriye, panda naye."

"Niliache lori langu hapa likioga?" akasema Abti. "Siwezi."

"Basi kijana anabaki."

"Mimi nakwenda," akasema Ayeeyo.

Akasogea mbele ya inspekta.

"Mimi bibi yake. Mimi mkubwa kuliko nyinyi wote. Nakwenda."

Nilimgeukia Abti Diriye kwa macho ya kuomba. Yeye tu ndiye aliyejua. Neno moja lake lingetosha: hooyo, mama yangu, usiende, kuna jambo. Nilimwona akifungua mdomo.

Kisha akalitazama Guduudo, likitoa mapovu kwenye jua. Akanitazama mimi. Akafunga mdomo. Na taratibu, kama mtu anayefunua zawadi, akatabasamu.

"Nenda, hooyo," akasema. "Mwalimu mkuu ana mengi ya kukuambia."

Akampa mkono, akampandisha mbele kwa heshima zote, karibu na Mzee Abdow. Mimi nikarushwa nyuma kwenye ngozi, mimi na soksi zangu. Fundi Kang'ethe alinipungia leso yake nyeupe, kama wanavyowapungia maiti.

Ayeeyo akachungulia kwenye kidirisha cha nyuma. Uso wake uling'aa kwa fahari, na chombo cha samli kilikuwa kimekaa mapajani mwake kama mgeni wa heshima.

"Awil, usihuzunike kwa sababu ya lori," akasema. "Samli hii ni ya mwalimu wako mkuu. Nitampa kwa mkono wangu. Halafu nitamwomba asimame mbele ya watoto wote, anieleze neno kwa neno ulifanya nini hata wakakupa likizo ya heshima."

Inspekta Munyao akapuliza filimbi. Amri ya msafara ilikuwa moja tu, na kila dereva aliijua: mkishavuka daraja, hakuna kusimama kwa ajili ya mtu yeyote.

Tukavuka.